Lugha Niliyoijua kwa Amri Tu

Kiswahili cha kwanza nilichokielewa hakikuwa na viambishi. Lala. Simama. Toa. Fungua. Panda. Waliotusemesha hawakuwa na haja ya kutanguliza "ni" wala "u" wala "tu" mbele ya kitenzi, na sisi watoto hatukujua kama vitu hivyo vipo. Nilipoingia chuo cha ualimu na kukuta kitabu kinasema Kiswahili ni lugha ya viambishi vingi, nilidhani kinazungumzia lugha nyingine.

Nimezaliwa gombolola ya Kwapa, wilaya ya Tororo, upande wa Uganda. Ukielekea mawio kutoka kwetu unafika Mto Malaba, na ng'ambo ni Kenya, lakini ni Teso hiyohiyo, wenye mashamba ni shangazi zetu na wajomba zetu. Mwaka 1902 Waingereza walilimega jimbo la mashariki la Uganda wakalitia upande wa pili, na mwaka 1926 mpaka ukakazwa kwa amri ya mfalme wao. Nyumbani tulisema Kiteso. Majirani walisema Dhopadhola, sokoni walikuwapo Wasamia na Wabukusu, na Luganda ilikuwa imekuja zamani na majeshi ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatangulia Waingereza huku kwetu. Hata hilo neno gombolola lilitufikia nyuma ya bunduki zake. Kiswahili kilikuwa lugha ya barabarani, na ya usiku.

Babu yangu mzaa baba alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na ambalo watu walilifupisha kwa herufi zake, KAR. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944, katikati ya mvua na malaria. Alirudi na koti zito lisilo na kazi katika nchi yetu ya jua, pamoja na Kikeya. Kikeya ni Kiswahili cha jeshini. Maafisa wa Kiingereza walikisomea vitabuni, wakakitumia kuwaamuru Waacholi, Wateso, Wakamba na Wanyasa, ambao nao walikiokota hukohuko kambini. Hakina mapambo. "Kuja hapa" badala ya njoo. "Shika yeye." Babu alipotaka wanawe waamke kwenda kulima aliacha Kiteso akaingia Kikeya, nao waliamka.

Mwaka 1987 nilikuwa mkubwa wa kutosha kubeba mdogo wangu mgongoni. Mwezi wa kumi jeshi la waasi la Alice Lakwena, lililotoka Acholi likapita Lango na Teso, lilifika Tororo likielekea Jinja. Mwezi wa kumi na mbili Lakwena alikuwa ameshashindwa na kukimbilia Kenya, na mpakani Busia askari wa nchi mbili wakafyatuliana risasi. Mpaka ukafungwa, na kabla mwaka haujaisha Marais Moi na Museveni wakakutana Malaba kuyamaliza. Katikati ya hayo watu wenye bunduki walikuja kwetu usiku. Wa upande gani, hakuna aliyeuliza. Walisema Kiswahili. Baba, aliyejua lugha nne na kusoma Biblia kwa mbili kati ya hizo, alilala kifudifudi uani kwa sababu ya neno moja la silabi mbili. Wakachukua mbuzi, redio na baiskeli. Hawakumpiga. Nilichokiona mimi ni jinsi neno lilivyomshusha mtu mzima hadi vumbini, na asubuhi yake jinsi alivyojifuta kanzu bila kututazama.

Mjomba wangu aliyekuwa akiishi Kampala alikuwa ametuletea neno jingine. Miaka ya mwanzo ya 1980, chini ya serikali ya pili ya Obote, askari walizingira mtaa alfajiri, wakawatoa watu majumbani na kuwapakia kwenye malori ili wachambuliwe. Watu waliipa operesheni hiyo jina la amri yake: panda gari. Wazazi walilitaja kwa sauti ya chini. Sisi tuliligeuza mchezo. Mmoja askari, wengine raia, mkokoteni ndio lori. Nilikuwa hodari wa kuwa askari kwa sababu nilijua amri zote.

Ndiyo maana nilikipenda Kiingereza. Kiingereza hakikuja usiku. Kilikuja saa mbili asubuhi na kengele, kikiwa na tafadhali na asante, na mwalimu wake alikuwa na chaki mkononi. Na wala sikuwa peke yangu. Gavana Gowers alipotaka kukipa Kiswahili nafasi Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga waziwazi na maaskofu walikuwa upande wake. Idi Amin, keya wa zamani, alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikipaka rangi ya sare yake. Mtu aliyetaka kuonekana amestaarabika alisema Kiingereza na Luganda; Kiswahili kiliachiwa polisi, wanajeshi na wanyang'anyi. Nikawa mwalimu wa Kiingereza, na niliona fahari.

Kilichonigeuza kilianzia ndani ya Kiingereza chenyewe. Nilikuwa natayarisha somo la mashairi ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa wanafunzi wa kidato cha tano, nikataka kuwaeleza neno "war" limetoka wapi. Chuo nilichosomea kilikuwa na kamusi nene ya asili ya maneno, nikaenda kuiazima. Nilitarajia kuonyeshwa mzizi wa Kiingereza cha kale, kitu cha wakulima na ng'ombe wao. Kamusi ikanituma Ufaransa.

Neno hilo liliingia Uingereza na Wanormani, wale waliovuka bahari mwaka 1066 wakamshinda Mfalme Harold pale Hastings. Wao walisema "werre". Wafaransa wengine "guerre". Katika maandishi ya Kiingereza linachomoza karne ya 12, kwenye kumbukumbu za watawa wa Peterborough, nchi ikiwa imepasuliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe chini ya Mfalme Stephen. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na maneno yao wenyewe ya vita, mengi tu: wig, guth, hild, beadu. Yote yamekufa. Bwana mpya alikuja na jina jipya la kazi yake.

Nikaifuata "guerre" nikidhani nitafika Roma. Sikufika. Warumi walisema "bellum", na neno hilo lilizimika vinywani mwa wajukuu zao. Mfaransa, Mhispania, Mwitalia na Mreno wote wanatumia neno la Wafranki, kabila la Kijerumani lililoingia Gaul na kuitawala baada ya dola ya Roma kuanguka. Kwa Wafranki "werra" lilikuwa fujo, mvurugano. Mjerumani wa leo bado ana "verwirren", kumvuruga mtu akili. Wako wataalamu wanaosema "bellum" liliachwa kwa sababu lilifanana na "bellus", yaani -zuri, na watu wakaona haya kuita vita kwa sauti ya uzuri. Mimi siwaamini. Aliyelala kifudifudi uani hachagui maneno kwa haya. Anajifunza neno la yule aliyesimama.

Na Wajerumani waliowagawia wenzao neno, wenyewe hawakulibakiza. Wana "Krieg", ambalo zamani lilikuwa ukaidi na kujikakamua. Kitenzi chake "kriegen" leo ni kupata tu, hata kupata mafua. Wadenmaki, Waswidi na Wanorwe walilichukua kutoka kwa Wajerumani wa kaskazini. Kisha wana "Kampf", mapambano, ambalo walilipata kwa Warumi: "campus", uwanja ulio wazi. Hapo ndipo nilipokaa kitako. Kwa maana kutoka "campus" hilohilo Waingereza wamepata "champion", mtu anayesimama uwanjani apigane, na "campaign", ambayo sisi tumeifanya kampeni tukaibandika kwenye nguzo za umeme kila uchaguzi, na "camp", ambayo ndiyo kambi yetu. Kambi alizolala babu Burma na ile "Kampf" ya Kijerumani ni watoto wa uwanja mmoja.

Nikageuza kurasa. "Battle" na "combat" zote zimetoka kwa "battuere", kupiga. Ile "com" ya mbele ni pamoja: kupiga pamoja. Nilirudia kusoma. Kwa sababu neno moja la Kiswahili lisilo amri nililokuwa nalijua tangu utotoni, maana lilitajwa kila siku kwenye redio, ni pigana. Wamepigana. Wanapigana. Piga, ukaongeza -ana. Mrusi naye anasema "boi", pigano, kutoka kitenzi chake cha kupiga. Mjerumani "Schlacht", kutoka "schlagen", kupiga. Mrumi aliweka mwanzoni kile ambacho Mswahili anakiweka mwishoni, lakini hesabu ni moja: wanahitajika wawili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitazama neno la Kiswahili nikaona lina maungio, kwamba kuna watu walioliunda na walikuwa na akili. Hadi siku hiyo maneno hayo kwangu yalikuwa milio tu, yenye kazi ileile ya mlio wa risasi.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mtu aliyepata ufunguo wa nyumba ya jirani. "Soldier" ni mtu wa "solidus", sarafu ya dhahabu ya Warumi: mwenye kulipwa. Mamluki wetu, neno la Kiarabu, ni mwenye kumilikiwa. Waingereza wanamtaja mpiganaji kwa mshahara wake na Waarabu kwa bwana wake, na kila mara mshahara wa jeshi ulipochelewa Uganda nilifikiri juu ya hilo. "Guerrilla" ni Kihispania, vita vidogo, na lilitapakaa Ulaya baada ya mwaka 1808 Wahispania walipomsumbua Napoleon milimani. "Slogan", lile linalopigiwa kelele kwenye mikutano ya vyama, ni kilio cha jeshi katika Kigaeli cha Uskoti.

Kisha nikafika kwenye "rebel". Humo ndimo "bellum" la Warumi lilimojificha lisife: "rebellis", anayeanza vita upya, yaani aliyeshindwa akakataa kubaki ameshindwa. Mwasi wa Kiswahili ana ukoo mwingine kabisa. Ametoka kwenye Kiarabu cha kutotii, nyumba moja na maasi, dhambi ambazo mtu anamwomba Mungu amsamehe. Kwa Kilatini kosa lake ni kurudia. Kwa Kiarabu ni kukaidi. Miaka ile ya 1987 na kuendelea, Jeshi la Watu wa Uganda la kina Peter Otai likiwa porini Teso, kijana wa kwetu aliweza kuitwa la kwanza asubuhi na la pili jioni, akafa kwa lolote kati ya hayo mawili. Tarehe 11 Julai 1989 pale Mukura, kusini mwa Soroti, vijana waliokamatwa kwa jina hilo walifungiwa kwenye behewa la treni, na 69 wakafa kwa kukosa hewa. Niliifunga kamusi nikaenda kutembea.

Jambo lililonichekesha, na nilihitaji kucheka, lilikuwa kanisani. Mapadre wa Mill Hill wametuhubiria mashariki mwa Uganda tangu mwisho wa karne ya 19, na pamoja na Injili walituletea majina ya watakatifu. Yale maneno ya vita ya kale niliyosema yamekufa hayakufa. Yanabatizwa kila Pasaka. Hilda ni vita. Matilda ni mwenye nguvu vitani. Gertrude ni mwenye nguvu za mkuki. Walter ni mtawala wa jeshi, Herbert ni jeshi linalong'aa, na Ludoviko, ambaye kwa Kijerumani ni Ludwig, ni mwenye sifa za vita. Jumapili moja nilikaa benchi la nyuma nikawahesabu kwa macho mama wa Chama cha Wanawake Wakatoliki wakiimba, Matilda huyu na Gertrude yule, wanawake wapole wenye leso za maua, nikaona tumezungukwa na kikosi kizima cha Kijerumani. Hakuna aliyewahi kumwogopa Gertrude kwa mkuki wake.

Hapo nikajiuliza swali ambalo mwalimu wa Kiingereza wa Tororo hakutakiwa kujiuliza. Kama Kiingereza kimesamehewa mikuki yake yote, tena kimepewa maji ya ubatizo, Kiswahili kinanyimwa nini? Hata amani ya Kiingereza ni ya mkopo. "Peace" liliingia na Wanormani walewale walioleta "war". Mtu mmoja aliwauzia Waingereza vyote viwili. Neno lao la asili la amani, "frith", limebaki kwenye majina tu, mfano Frederick, mtawala wa amani. Kabaka aliyeitwa hivyo, Frederick Mutesa, ikulu yake ilishambuliwa na jeshi mwezi Mei 1966, na aliyeongoza askari ni Amin.

Nikaanza kukichimba Kiswahili kwa namna ileile. Jeshi, silaha, adui, amri, yote Kiarabu. Askari kwa Waarabu ni mtu wa "askar", yaani jeshi. Uganda ya leo tumemshusha, ni mzee anayelinda lango la duka usiku na tochi. Bunduki imeanzia kwenye kokwa: "bunduq" kwa Kiarabu ni tunda gumu la mti, kisha likawa gololi ya kurushwa, kisha chombo chenyewe cha kurushia. Gereza ni "igreja" ya Wareno, kanisa lao. Walioiona Ngome ya Yesu pale Mombasa hawakuona tofauti kubwa. Kondo, ambaye Uganda ni jambazi wa bunduki aliyetutisha miaka ya 1960 na 1970, katika Kiswahili cha kale ni vita. Lakini vita lenyewe ni la Kibantu, halikuletwa na mtu. Amani ndiyo iliyotoka ng'ambo, na Kiarabu. Sijui mtu mwingine angelipokeaje hilo. Mimi lilinipa moyo, kwamba kuna watu waliowahi kulihitaji neno la amani kiasi cha kwenda kuliazima.

Hata hivyo kamusi peke yake isingenivusha. Kuna mambo mawili niliyokuwa nimeyasikia kwa masikio yangu na sikuyaweka kwenye hesabu.

La kwanza ni la mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, njia ilipotulia, alifungua kibanda cha chakula Malaba, kando ya foleni ya malori yanayosubiri forodha. Malori ya Kampala, ya Kigali, ya Goma. Dereva wa kutoka pwani, kijana mwenye kikoi, aliinama kidogo mbele yake akasema, "Shikamoo, mama." Mama akarudi nyuma na mwiko mkononi. Alisikia shika. Katika Kiswahili chetu shika lilikuwa na mwendelezo mmoja tu, "shika yeye", na aliyeshikwa hakurudi haraka. Kijana akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, jambo lililozidisha ubaya. Ni Mluhya mmoja aliyekuwa akila maharage pembeni aliyetupatanisha, akaeleza kwamba huyu anasema amekushika miguu, anakuheshimu, nawe useme marahaba. Mama alilisema marahaba lile kama mtu anayeonja mboga asiyoijua. Lakini kesho yake kijana aliporudi alimwambia, "Naomba chai, mama, kama ipo," na nakumbuka nilisimama na birika nikishangaa. Naomba. Kama ipo. Sikuwahi kusikia Kiswahili kikiomba, wala kikikubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

La pili ni la babu. Alikuwa na rafiki, Msamia wa Busia ya Kenya, keya mwenzake, aliyekuja kwa baiskeli mara moja moja. Walikaa kwenye chungu cha ajon, kila mmoja na mrija wake mrefu, na kazi yangu ilikuwa kuongeza maji ya moto chungu kilipopungua. Babu hakujua Kisamia. Mgeni hakujua Kiteso. Waliongea Kiswahili mchana kutwa. "Unakumbuka mvua ile?" "Nakumbuka." "Tulilala wapi siku ile?" "Hatukulala." Kikeya chao kilikuwa na viambishi vyote, nafsi zote, hata na machozi siku moja walipomtaja mtu ambaye hakurudi. Nilimimina maji moto, nikasikia kila neno, na ukiniuliza siku hiyo ni lugha gani ningekuambia ni lugha ya wazee. Kiswahili nilijua ni kile kingine.

Babu alishafariki nilipoanza kuyapanga haya, kwa hiyo sikumuuliza ambalo mjukuu yeyote mwenye kamusi angetaka kumuuliza. Nilianza kujifunza upya, peke yangu kwanza, kwa redio za Kenya zinazoshika vizuri kwetu kuliko za Kampala, na kwa madereva. Busia na Malaba ni shule nzuri. Ndiko lilikozaliwa neno boda boda, vijana wa baiskeli wakiwavusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili, na hilo limeenea Afrika Mashariki nzima bila kumlaza mtu chini. Baadaye nilifanya diploma. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, miaka 17 baada ya katiba kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na walimu hawakuwapo. Nilikuwa mmoja wa wachache pale shuleni walioweza kusimama mbele ya darasa. Nikaacha nusu ya vipindi vyangu vya Kiingereza.

Wanafunzi bado wananiita Madam, hata katika kipindi cha Kiswahili. Hawana kumbukumbu zangu. Wamezaliwa mbali na behewa la Mukura, na panda gari kwao ni maelekezo ya kituo cha matatu. Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliuliza, "Madam, vita kimoja kinaitwaje?" Nikamwambia havina umoja, tunasema Vita vya Kagera, na vilikuwa vita mara moja tu, vya mwaka 1978 na 1979, lakini ni vya, si cha. Akafikiri. "Kwa hiyo hata vikiwa kidogo ni vingi?" Nikaandika sentensi yake ubaoni kama mfano wa upatanisho wa sarufi, kwa sababu upatanisho wake ulikuwa na kosa dogo na sikutaka waone uso wangu.

Kitabu tunachotumia kinaleta amri mapema: simama, keti, fungua kitabu. Ni rahisi, kitenzi kiko uchi, mwandishi ana haki yake. Mimi huirukia lugha ya kuomba kwanza. Naomba unipe. Tafadhali usome. Tukae wapi? Amri naipeleka karibu na mwisho wa muhula, darasa likiwa tayari lina maneno mengine ya kujibia.

Mwezi wa tatu alikuja mzee mmoja, rika la baba, babu wa mwanafunzi wangu. Hakutaka kuketi. Alisema kwa Kiteso, "Mwanangu, wewe si mtoto wa hapa? Hukuwapo? Unawafundishaje watoto wetu lugha ya wale?" Nilimwambia, "Nilikuwapo, papa." Sikumletea habari za Wafranki. Nilichukua daftari la mjukuu wake, nikamsomea sentensi ya kwanza kwa Kiswahili kisha nikamfasiria: Babu, naomba uninunulie kitabu, kama fedha ipo.

"Ameandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na fedha isipokuwapo?"

"Hapa anaendelea: basi nitasubiri."

Alilitazama daftari muda mrefu, ingawa hasomi. Akasema wale hawakuwahi kusubiri. Nikakubali kwamba hawakuwahi. Mwishowe aliketi, tukaongea bei, na kitabu ameshakinunua. Ila mtoto kukizungumza Kiswahili ndani ya boma lake usiku, hilo amesema bado, tutaliongea tena mtama ukishavunwa.